Tundu Kwenye Kiti cha Mama

Dada yangu hawezi kuona tundu akaliacha. Ndivyo alivyo tangu utotoni, na lazima nianze na hilo, maana bila hilo mkasa wa gari hauna kichwa wala miguu. Tulipokuwa wadogo aliona mfuko wa koti la baba umetoboka, akaushona juu na chini, na ndani mlikuwa na ufunguo wa nyumba. Tulikaa nje hadi baba alipokumbuka kujipapasa. Alipokua akawa fundi wa cherehani, na watu wa mtaa wakamwita Pindo, kwa sababu ukiingia dukani kwake na pindo la sketi limelegea, hata kama umekuja kuuliza njia tu, atakwambia, "Simama hapo hapo," kisha apige magoti na pini mdomoni.

Duka lake ni la mlango mmoja. Lina cherehani tatu, meza ya kukatia na benchi la wateja ambalo huwa halikaliwi kwa kuwa limejaa vitambaa. Anashona mapazia, mashuka na sare, lakini kinachomlisha ni mito. Pamba ya kujazia mito imeenea kila mahali, mpaka kwenye kope za macho. Ukiingia pale na nywele nyeusi, unatoka na mvi.

Mimi ni mdogo wake, karani wa shule, na sina subira. Nalisema mapema ili asiyependa mtu mwenye hasira aache kusoma hapa.

Mama yetu anaishi na dada. Kabla ya kustaafu alikuwa opereta wa simu. Miaka ishirini na mitano alikaa mbele ya ubao wa simu na visikizio masikioni, akiunganisha watu na watu. Miaka miwili iliyopita figo zake ziligoma. Tangu hapo, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi lazima awe hospitali saa mbili asubuhi, alazwe kwa saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu. Hospitali yenyewe iko ng'ambo ya mji, juu ya mlima. Mara ya kwanza nesi alituweka chini akatuambia bila kupepesa macho kwamba mgonjwa wa namna hii akikosa mara mbili mfululizo, maji yanajaa mapafuni, na hapo hakuna wa kulaumiwa ila sisi.

Ndiyo maana dada alinunua gari. Na ndiyo maana alinunua haibridi, lile gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Muuzaji alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na ulimi wake nao ulikuwa umepigwa pasi.

"Dada, hili mafuta halinywi, linanusa tu," alisema. "Na kimya! Mgonjwa wako atalala njia nzima."

"Na hiyo betri kubwa?" nikamuuliza mimi.

"Nzima kabisa. Mtazeeka nayo."

Shemeji yangu, mume wa dada, ni dereva wa lori. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga teke tairi, akasema, "Mke wangu, injini moja tu inanitoa jasho. Wewe umenunua mbili?" Dada alikuwa ameshafungua mlango. Alikuwa ameshaona kwamba viti ni vya rangi ya maziwa, na akilini alikuwa ameshaanza kuvipima.

Kero zilianza wiki ya kwanza. Buti lilikuwa dogo ajabu, kwa sababu betri imejibanza kati ya kiti cha nyuma na buti na kujimilikisha nafasi, kwa hiyo mifuko ya pamba na mito ya wateja ikahamia kiti cha nyuma, kando ya mama. Ule ukimya uliosifiwa nao ulikuwa balaa. Watu sokoni hawalisikii gari linakuja, na siku moja nusura tumgonge muuza vyombo na toroli lake. Alitufokea, "Piga hata honi basi, dada! Unatunyemelea kama paka!" Mama alipolazwa wiki nzima, gari likakaa bila kuwashwa, na tuliporudi hata milango ilikataa kufunguka, maana kumbe lina betri ndogo pia, na hiyo ndogo ikilala gari zima linalala. Mafuta yenyewe, ni kweli, katikati ya mji kwenye foleni lilikuwa linanusa. Ila ule mlima wa hospitali lilikuwa linaupanda kwa petroli tupu, likinguruma, na mshale wa mafuta ukishuka mbele ya macho yetu. Na sisi njia yetu ni mlima.

Dada alivumilia yote. Kwa siku mbili alishona nguo za viti, za kijani kibichi zenye mshipi mweupe pembeni, zikakaa vizuri mno, hata shemeji akanyamaza. Mama akatengewa kiti cha nyuma kushoto, na mto wa kuwekea ule mkono wa sindano.

Siku ya tatu mama akasema, "Humu ubavuni pana kitu kinapumua."

"Ni kiyoyozi, Mama," dada akamjibu huku akitazama barabara.

"Kiyoyozi kinapuliza. Hiki kinavuta. Kimeshika mtandio wangu."

Niligeuka kutoka kiti cha mbele, nikatazama. Ubavuni mwa kiti, karibu na mlango, palikuwa na kidirisha cha plastiki chenye vijitundu, kikubwa kama kiganja. Ncha ya mtandio wa mama ilikuwa imekilalia. Nikamwambia, "Hayo ni mapambo ya gari tu, Mama." Sikuwa najua lolote. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka tuwahi na nisisumbuliwe, na hadi leo sauti yangu hiyo inanichoma.

Alhamisi mama akasema tena. Jumamosi akasema tena. Dada ni mtoto mwema, na anampenda mama kuliko anavyojua kueleza, basi akafanya anachokijua. Alichukua kitambaa kile kile cha kijani, akakitia pamba katikati, akakishona juu ya kidirisha kwa mishono midogo isiyoonekana.

"Haya, Mama. Hakitakuvuta tena."

Tulikuwa hatujafika hata mzunguko wa barabara mama aliposema, "Sasa kinahema."

Baada ya mwezi mmoja hivi ikawaka taa ya pembetatu nyekundu kwenye dashibodi, na gari likaishiwa nguvu mlimani. Halikuzima. Lilitambaa. Mtu wa baiskeli alitupita, akatutazama kwa huruma. Dada alikanyaga mafuta mpaka goti likatetemeka, na gari likaendelea kujiburuta tu.

Tukaenda kwa fundi wa mtaani. Anaitwa Daktari kwa sababu hulaza sikio juu ya boneti kabla ya kuifungua. Safari hii alilaza sikio, akafungua, akaona zile nyaya nene za rangi ya chungwa, akarudi nyuma hatua tatu.

"Dada Pindo, mimi nina watoto," alisema.

"Sasa tufanyeje?"

"Umeme wa humo haukupi nafasi ya kusema samahani. Mimi nitakuzimia taa tu."

Alichomoa waya wa betri ndogo, akaurudisha, taa ikazimika, akalipwa. Jumanne ikawaka tena. Gereji ya pili walikuwa na kompyuta. Waliichomeka, wakaitazama dakika mbili, wakasema betri kubwa imekufa, inunuliwe nyingine, iagizwe nje, na bei yake ni karibu nusu ya gari. Hakuna aliyefungua kitu. Dada alimpigia muuzaji yule wa shati kavu. Simu haikupatikana. Haijapatikana mpaka leo, na popote alipo, namtakia gari kama lile.

Wiki hizo dada alishona kwa hasira. Ungesikia cherehani yake tangu barabarani. Alikuwa ameweka kila alichokuwa nacho kwenye lile gari, na sasa kila asubuhi ya hospitali aliwasha huku roho yake iko mkononi. Shemeji akisema, "Nilikwambia," anatupiwa mto. Na huko nyuma mama alikuwa haachi.

"Linapumua kwa shida. Leo zaidi ya juzi."

"Mama!" dada alilipuka siku moja. "Gari halipumui! Gari ni chuma!"

Mama akajifunika mtandio.

Siku hiyo hiyo, mama akiwa anafungwa bandeji nyuma ya pazia, dada alimvuta nesi pembeni. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama siku hizi anasema vitu visivyo na maana, anasema gari linapumua. Nesi akauliza kama ameanza kusahau watu. Nami, badala ya kufunga mdomo, nikaongeza, "Hata nguo anasema gari linamvuta." Nesi akaandika. Akasema damu ikichafuka, akili nazo zinaweza kuvurugika, tumwangalie.

Pazia la hospitali ni kitambaa tu. Tulisahau kwamba nyuma yake amelala opereta wa simu.

Tangu hapo mama alinyamaza. Hakulalamika, hakuuliza foleni ina nini, hakumsalimia hata shemeji zaidi ya kuitikia. Sisi, wapumbavu, tukaona afadhali ametulia.

Alhamisi iliyofuata gari lilisimama kabisa katikati ya mlima. Pembetatu iliwaka, na nyingine zikaiunga mkono, dashibodi ikajaa taa. Nyuma yetu honi zilianza. Jua lilikuwa limeshapanda. Watu wanne walitusukuma pembeni, na mmoja wao akacheka, "Si mnasema hili ni gari la kisasa?" Dada alimjibu maneno ambayo siyaandiki. Tulipopata gari la kukodi na kufika, tulikuwa tumechelewa saa moja na nusu na mgonjwa mwingine alikuwa amepewa mashine ya mama. Tulingoja hadi mchana. Alisafishwa kwa saa mbili badala ya nne, na jioni miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vikakataa kuingia.

Ijumaa asubuhi dada alimpelekea chai, akamwambia atatafuta usafiri wa kesho.

"Kesho siendi," mama akasema.

"Huendi wapi, Mama?"

"Hospitali. Sitaki tena."

Dada aliniita. Tukambembeleza, tukamkumbusha maneno ya nesi, tukataja wajukuu mmoja mmoja. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Mtu asiyejua anachosema, damu yake mnaisafisha ya nini?"

Tukatazamana. Hapo ndipo tulipojua kwamba alisikia. Mama akageukia ukuta.

Dada alitoka nje, akaingia garini, akakaa na mikono kwenye usukani bila kuwasha. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anafikiri. "Nikilitengeneza," akasema, "atapanda." Sikuwa na hakika, lakini mtu akishikilia uzi mmoja huwezi kumwambia auachie. Lilikuwa limevutwa kutoka mlimani jana yake, na asubuhi hiyo lilikubali kuwaka, kwa kuwa lilikuwa limepoa. Mteja mmoja wa mapazia alikuwa ametutajia fundi wa kike anayezijua haibridi, nyuma ya viwanda vya mbao. Tulikwenda polepole, tukipumzika kila baada ya muda.

Karakana ilikuwa banda la mabati, limefagiliwa, zana zote zimepangwa ukutani. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi wa shaba, glavu za mpira mpaka kwenye viwiko. Dada alianza kumweleza tangu mwanzo, muuzaji, Daktari, kompyuta. Fundi alimwachia aseme, ila hakufungua boneti. Alifungua mlango wa nyuma kushoto, akapiga magoti.

"Tundu liko wapi?"

"Tundu gani?" dada akauliza.

"La hewa. Betri iko nyuma ya hiki kiti. Ikifanya kazi inapata joto, na kuna feni inaivutia hewa kutoka hapa ubavuni." Akapapasa kile kitambaa cha kijani. "Mbona pameshonwa?"

Dada alitazama mishono yake. 

"Nani alishona hii?" fundi akauliza tena, na niseme ukweli, aliuliza kwa kuvutiwa, maana hakuuona mshono.

"Mimi," dada akasema.

Dada aliifumua mwenyewe. Mishono ya dada haifumuki kirahisi, ndiyo sifa yake mjini, na pale ilimtoa jasho dakika kumi nzima. Kisha fundi akafungua kidirisha, akafungua plastiki za ndani, akachomoa feni. Haikuonekana kama feni. Ilikuwa donge la pamba, kijivu kwa vumbi, limeshindiliwa katikati ya mapanga, na nyuzi za kijani zimejizungusha humo.

"Kuna mtu alitaka kutengeneza mto humu?"



"Mifuko ya pamba inakaa kando yake," nikasema. "Yeye anashona mito."

"Basi ilikuwa inaivuta kidogo kidogo. Halafu mkaiziba na kitambaa, ikahangaika zaidi." Aliigeuza ile feni mkononi. "Ila hii haizibi kwa siku moja. Na ikiziba inapiga kelele, inahema kweli kweli. Gari lenyewe halina sauti, kwa hiyo lazima isikike. Aliyekuwa anakaa hapa hakusema kitu?"

Dada alikaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa pale mlangoni. "Alisema," akajibu. "Kila siku alisema."

Fundi alifanya kazi hadi alasiri. Joto lilikuwa limeua vipande kadhaa vya betri, akavibadilisha kwa vingine vilivyokwisha kutumika. Hakutudanganya. Alisema betri hii inaweza kufika mwaka, inaweza kufika miezi sita, na siku ikikataa tutanunua nyingine kwa bei ile ile tuliyotajiwa. Kwa hiyo tusifurahi sana. Na hatukufurahi. Nilitaka sana kumlaumu muuzaji, na bado namlaumu, na wale wa kompyuta nao wasiofungua hata skrubu moja. Lakini niliwatafutia makosa njia nzima, na kila nilipomaliza kuwatukana wote nilibaki na mama na kile kidirisha nilichokiita mapambo.

Dada aliingia chumbani na lile donge la pamba limefungwa kwenye gazeti. Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu juu ya kigoda. Dada akalifungua mezani, mbele yake.

"Mama, hii ilikuwa ndani ya gari. Kwenye feni, ubavuni mwa kiti chako."

Mama aliichambua kwa vidole, akavuta uzi mmoja wa kijani. "Pamba yako hii."

"Ndiyo, Mama. Lilikuwa linapumulia pale. Mimi nikalishona."

"Nilikwambia linapumua."

"Uliniambia."

"Nilikwambia mara ngapi?"

 Nikajibu mimi, "Mara nyingi, Mama."

Mama akanitazama, kisha akamtazama yeye. "Miaka ishirini na mitano nililipwa kusikiliza. Mtu alikuwa akinyanyua simu, kabla hajataja namba, nimeshajua kwa pumzi yake kama amefiwa. Leo wanangu wawili wanamwambia nesi masikio yangu yamechanganyikiwa." Akalisukuma lile donge pembeni. "Mngeniuliza tu. Mngesimamisha gari dakika moja mkaweka sikio."

Dada alipiga magoti pale sakafuni, kama anavyopiga kwa wateja wake, ila safari hii hapakuwa na pindo la kushika. Alishika miguu iliyovimba. Alisema, "Nisamehe, Mama," na mimi nikasema, na tulilia wote, mimi kwa hasira zangu na yeye kwa zake.

"Nitakwenda kesho," mama akasema baadaye. "Lakini sikiliza, Pindo." Hakuwahi kumwita kwa jina hilo la dukani. "Nikisema kitu, unijibu. Usinishonee."

Jumamosi tuliondoka mapema. Mifuko ya pamba ilibaki nyumbani. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimerudishwa kitini, kimekatwa kuzunguka kile kidirisha na kupindwa vizuri, tundu wazi katikati.

Tulipofika chini ya mlima dada alizima redio, akazima kiyoyozi, akapandisha vioo vyote. Joto likatushika. Injini ikaanza kunguruma, na macho yangu yalikuwa kwenye dashibodi, mahali pale pa pembetatu.

"Mama," dada akauliza bila kugeuka, "linasemaje?"

Mama aliinama upande wa mlango. "Nyamazeni kwanza."

Tukanyamaza. Mimi hata kumeza mate nilijizuia. Tulipanda hivyo, tukapita pale tulipokwama Alhamisi, na mama bado ameinama, kiganja chake mbele ya tundu.

"Linapumua," akasema. "Endesha."